Pikapu Iliyokohoa Mlima wa Newala

Hadi leo nikisinzia ndani ya gari huwa nasikia kikohozi. Si cha mtu. Ni cha ile pikapu yetu kuukuu ya rangi ya maziwa yaliyolala, tuliyokuwa nayo Masasi miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa sabuni tena, na wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kuzunguka vijijini na malori yao. Kila mwenye uthubutu alikuwa mfanyabiashara. Mume wangu naye akajiona ana uthubutu, akanunua gari ambalo mwenye nalo alikuwa amelichoka.

Siku alipolileta nyumbani alilizunguka akilipigapiga mabati kama anayekagua ng'ombe mnadani. Nikamwuliza, "Baba watoto, hiki chombo kitafika wapi?"

Akasema, "Kitafika kwa mama yako."

Basi nikafunga mdomo. Hakuna neno lingine ambalo lingeninyamazisha siku ile, na yeye alilijua vizuri sana, mjanja yule.

Mama yangu alikuwa anaishi Newala, juu kabisa, pale ambapo nchi inakatika ghafla ukaona bonde la Ruvuma limelala chini kwenye ukungu. Asubuhi ukungu ule huingia mpaka mlangoni, unalowanisha nywele na nyasi za paa, unakudanganya kwamba kuna maji. Maji hayapo. Bomba lilikuwa linakuja likipenda. Wanawake walishuka bondeni na vyombo vichwani, wakapanda navyo, na mtoto wa kike alihesabiwa amekua siku alipopanda bila kumwaga. Nami nilikulia hapo, najua shingo inavyouma. Lakini Mama alikuwa ameshazeeka, nyonga imemkataa, macho yameingia ukungu wao wenyewe. Hakuweza tena kushuka bondeni, na kila kiangazi maji yake yalikuwa ni yale tutakayompelekea sisi kutoka Masasi.

Nilimwomba ahame mara nyingi. Alinitazama kwa mshangao. "Nikakae kwa mkwe? Nile ugali wake huku nimejifunika uso?" Kwetu mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mume wangu akifika hapo, alikaa upande wa mbele, kwenye kigoda karibu na gari. Mama alikaa uani. Katikati yao kulikuwa na nyumba ya udongo, na mimi.

"Mwambie mama shikamoo," mume wangu anasema.

Naingia ndani, natokea uani. "Mama, mkweo anakuamkia."

"Mwambie marahaba. Mwulize wamesafiri salama?"

Natoka. "Anauliza mmesafiri salama."

Na wote wawili wanasikiana vizuri tu kupitia ukuta! Mimi nilikuwa nachoka kwa kicheko, lakini wao hawakuwahi kucheka. Miaka yote ile hawakutazamana usoni.

Lazima niseme pia habari ya madumu. Zamani maji yalibebwa kwa debe la bati, na petroli ilikaa kwenye chombo chake cha chuma, kizito, huwezi kukosea hata ukiwa usingizini. Biashara huria ilipokuja ikaleta mafuta ya kula ya kutoka nje ndani ya madumu ya plastiki, ya njano, yanayofanana kama vifaranga. Mafuta yakiisha, dumu linaanza maisha mapya. Sisi tulikuwa nayo lundo. Tuliyajaza maji, tukayapanga nyuma ya pikapu, na katikati yao moja likawa na petroli, kwa sababu Newala wakati ule ungeweza kukuta mafuta au ungeweza kukuta mwenye mafuta amelala. Mume wangu alilijua dumu lake kwa alama aliyolichoma shingoni kwa msumari wa moto. Tukifika, alimimina petroli ile kwenye tangi kwa ajili ya kurudi, akaliweka dumu chini. Majirani wa Mama wakaja kutusaidia, wakayabeba madumu yote kwenda uani, wakiimba na kunitania kwamba Masasi imeninenepesha.

Safari zile nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoiota mara nyingi. Tunaondoka alfajiri. Yale majabali ya Masasi yanabaki nyuma, meusi, halafu ya bluu, halafu hayapo. Mikorosho inapita, inapita, haina mwisho, na kama ni msimu wa maua basi harufu yake tamu inachanganyika na ya salfa waliyopuliza wakulima, inaingia dirishani, inakaa kwenye khanga. Tunapita Chiungutwa, watu wa baiskeli wanasogea pembeni, mmoja ana mbuzi kwenye kapu, mwingine ana kitanda kizima. Vumbi jekundu linawafunika wakiwa bado wanatupungia mkono. Maji yanacheza kwenye madumu nyuma yangu, chubwi, chubwi, na mimi kichwa kinaegemea mlango, naondoka taratibu. Sikuwahi kuuona mwanzo wa mlima nikiwa macho.

Ndipo siku hiyo nikaota Mama anakohoa. Alikuwa ananipa mgongo, mabega yanaruka. Nikamwita hakugeuka. Nikashtuka, nikakuta si Mama, ni gari. Lilikuwa linakohoa, linasita, linavuta pumzi, linakohoa tena, na mume wangu anakanyaga mafuta huku ameuma mdomo.

"Linamisi," akasema. Ndivyo mafundi wanavyosema injini ikiwa inaruka mapigo.

"Litatufikisha?"

"Kaa kimya kwanza nilisikilize."

Likatufikisha. Lakini safari iliyofuata likakohoa zaidi, na iliyofuata likazimika katikati ya mlima. Tukaweka mawe chini ya magurudumu. Mimi nimeshika jiwe, khanga imejaa vumbi, maji ya mama yangu yamening'inia nyuma juu ya korongo. Niliogopa, sifichi. Na hofu yenyewe haikuwa ya korongo.

Nilijua kitakachofuata. Alikuwepo mnunuzi mmoja wa korosho aliyekuwa akilitamani gari letu kwa kubebea magunia huko tambarare, na mume wangu alikuwa ameanza kumsikiliza. Akaniambia waziwazi, "Mama watoto, gari lisilopanda Newala mimi la nini? Likiendelea hivi naliuza." Nikaona madumu yamebaki Masasi. Nikaona Mama amekaa uani mbele ya mtungi mkavu, akiwaomba majirani kikombe kimoja kimoja, na yeye hakuwa mtu wa kuomba. Usiku na mchana nikawa nalisikiliza gari lile kuliko nilivyowahi kuwasikiliza wanangu.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa fundi pale Masasi, kwenye kibanda cha nyasi chenye nguzo zilizolowa oili. Mtu wa mzaha sana. Alifungua boneti akaanza kuuliza maswali kama daktari.

"Linakohoa likiwa baridi au likishapata moto?"

"Likishapata moto," akajibu mume wangu.

"Tambarare?"

"Tambarare halina shida hata kidogo. Linaimba."

"Kwenye mlima tu?"

"Mlima wa Newala tu."

"Basi linaogopa wakwe," akasema shemeji, akacheka peke yake.

Akachomoa plagi, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Safari iliyofuata likakohoa. Akasafisha pointi, akabadilisha koili kwa nyingine iliyotoka kwenye gari la marehemu fulani. Likakohoa. Akafungua kabureta, akavitandaza vipande vyake juu ya gunia, akavipuliza kimoja kimoja kwa mdomo, macho ameyafumba. Nilikuwa nimekaa hapo kwenye tairi, jua limetulia, kuku wanapita katikati ya spana, na kwa muda nikasahau nilichokuja kufanya. Sijui kwa nini saa ile imenikaa moyoni kuliko saa nyingine kubwa zaidi. Hata hivyo likakohoa.

Mwishoni akagusa kikombe kidogo cha kioo kilichokuwa chini ya pampu ya mafuta. Kilikuwa kimekolea uchafu, hakuna aliyekuwa na habari nacho. Akakifuta kwa shati lake, akainama, akanyamaza. Shemeji akinyamaza ujue kuna jambo.

"Njooni muone," akasema.

Tukainama wote watatu. Ndani ya petroli, chini kabisa, kulikuwa na matone yanayong'aa, yanakimbizana, yanagongana, hayataki kuchanganyika na kitu. Yalikuwa mazuri kwa kweli. Akakifungua, akachovya kidole.

"Maji."

"Maji!" nikasema. "Newala watu wanayatafuta kwa miguu, kumbe yananywewa na gari!"

Shemeji akatueleza. Petroli ni nyepesi, inakaa juu, maji yanatuama chini ya tangi. Barabara ikiwa tambarare yanalala tu kwenye shimo lake. Gari likipanda, tangi linainama, maji yanakimbilia kwenye mrija, injini inapewa maji ilhali imeomba mafuta. "Hata wewe ungekohoa," akaniambia.

Akalimwaga tangi lote, akalikausha. Tukapanda Newala kimya kabisa, sijapata kulala vizuri kama siku ile. Nikasema yamekwisha. Safari iliyofuata, kikohozi kikarudi vilevile.

Lo! Mume wangu akawa mbogo. Akamshuku mwuza mafuta, akaenda na chupa ya soda, akanunua petroli, akaiweka dirishani kutwa nzima. Haikutuama hata tone. Akakagua kifuniko cha tangi, kinafunga vizuri, na mvua yenyewe iko wapi mwezi wa kumi? Akakaa barazani, mikono kichwani, akasema polepole, "Gari linakwenda kwa mama yako zima. Linarudi linaumwa."

Nikasimama. "Sema tena."

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema mama yangu mchawi? Kizee kisichoona hata mkono wake ndicho kikulogee gari?"

"Mama watoto, mimi nimesema linarudi linaumwa. Basi."

Sikumwandalia chakula kwa mkono wangu jioni ile. Kwetu huko neno hilo likishatamkwa juu ya mama mzee halirudi mdomoni, linatembea lenyewe mpaka kwa majirani. Sasa hapakuwa tena na shida ya maji peke yake. Asubuhi akaniambia amekubaliana na yule mnunuzi. Tutapanda safari moja ya mwisho, nimuage Mama, tukirudi gari linachukuliwa.

Tukapanda. Sikulala. Likakohoa mlima mzima, likazimika, tukaweka mawe, likawaka, likazimika. Tukafika wakati jua limeshapita kichwani. Mume wangu akamimina petroli yake kwenye tangi kama kawaida, akajikalisha kwenye kigoda, hatazami mtu. Wanawake wakabeba madumu. Salamu zikapita ukutani. Mimi kwa kawaida huwa nabaki ndani, napika, nafagia, namtafutia Mama nguo za kufua. Siku hiyo sikuweza kushika ufagio. Nikasimama nyuma ya mlango wa uani nikitafuta namna ya kumwambia, na nikamwona.

Maji tuliyoleta yalikuwa yameshamiminwa kwenye pipa lake. Majirani wameondoka. Mama amekaa chini, miguu ameinyoosha, madumu matupu yamepangwa mbele yake, na mkononi ana kata. Anapapasa shingo ya dumu kwa vidole, anachota kwenye pipa, anamimina kidogo, anafunga kizibo, analisogeza pembeni. Lingine. Hili nililijua. Tangu utotoni nilijua chombo cha watu hakiondoki kikavu nyumbani kwetu, na kila safari nikiteremka nilikuwa nayasikia yale maji kidogo yakicheza chini ya madumu. Sikuyatilia maanani.

Halafu akalivuta lingine, akalifungua, akalinusa, akakunja uso. Akachukua mchanga na kipande cha sabuni, akavitia ndani pamoja na maji, akalitikisa kwa mikono yote miwili mpaka kilemba kikamlegea. Akamwaga. Akasuuza. Akalinusa tena, akasuuza mara nyingine, kwa maji yale yale niliyoyavusha mlima. Nikaona ile alama ya msumari shingoni.

"Mama," nikasema.

"Uko hapo? Njoo. Hiki chombo chenu kinanuka mafuta ya taa. Kila mkija kinanuka. Nakisugua mpaka mikono inakufa. Mnaweka mafuta ya taa kwenye chombo cha maji, mwanangu? Mtakunywa nini njiani?" Akachota kata, akamimina. Akachota nyingine. "Hiki nakipa zaidi, kisahau hiyo harufu."

Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga. Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, na kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri akadhani nacheka tu, akacheka na yeye. Nikamwuliza, "Mama, haya maji tunakuletea wewe. Mbona unatugawia tena? Unabaki na nini?"

Akashangaa. "Ulitaka nikurudishie vyombo vikavu? Kwani hapa kuna msiba? Mimi si nipo?"

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Nikaishika mikono yake nikaipaka mafuta, nikatoka mbele.

Mume wangu alikuwa bado amekaa anatazama vidole vya miguu. Nikainama sikioni nikamweleza kwamba dumu lake lilikuwa linarudi Masasi na maji ya Mama ndani, na yeye analijazia petroli juu yake bila kuchungulia. Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa, akainuka, akaenda akauegemea ubavu wa gari, mabega yakaanza kuruka. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa kofia, maana mkwe hachekwi, hata kama yuko nyuma ya nyumba. Alipoweza kusema macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nisamehe lile neno," akaniambia.

"Kamwombe radhi mwenyewe, kama unaweza," nikamtania, nikijua hawezi.

Akafikiri. Akakaribia ukuta, akavua kofia kabisa, akasema, "Mwambie mama, maji yake tumeyapata."

Sikupata hata nafasi ya kuingia ndani. Kutoka uani sauti ya Mama ikajibu, "Mwambie mkwe wangu, ni machache tu."

Mume wangu akalala chini ya gari, akafungua nati ya tangi, yakatoka maji ya Mama, yakafuatiwa na petroli. Tukaazima galoni moja ya petroli kwa jirani mwenye duka. Yule mnunuzi wa korosho alipokuja siku ya pili aliambiwa gari haliuzwi, akaondoka akisema watu wa Masasi hatuna msimamo. Dumu la petroli likafungwa kitambaa chekundu, likawa linakaa mbele, miguuni pangu, na sikuruhusu mtu alishike.

Yale mengine yakaendelea kurudi na maji yao. Tukifika pale barabara inapoanza kuteremka, mume wangu alisimamisha gari, akanyoosha mkono bila kunitazama. "Nipe ya mama mkwe." Tukanywa kwa kizibo, kwa zamu, bonde lote limelala chini yetu na moshi wa mashamba unapanda taratibu. Yalikuwa na ladha ya plastiki na ya pipa. Kiu hatukuwa nayo.

Mama alikufa wakati wa masika, mvua zimekubali. Kila sufuria Newala ilikuwa imejaa, mabati yanamwaga, watoto wanaoga barabarani. Tulipomaliza maziko, wanawake wa ukoo wakatusaidia kupakia vitu. Nikasikia madumu yanarushwa nyuma ya pikapu, yakigongana, tena kwa sauti nyepesi. Nikashuka nikayashika moja moja, nikayatikisa. Yalikuwa makavu yote. Hakuna aliyenishangaa, hata wao walilia walivyoniona nayatikisa, kwa kuwa walijua natafuta nini.

Arobaini ilipofika tukapanda tena. Nyuma hatukubeba maji, tulibeba mchele na watu wawili watatu wa Lulindi waliomjua Mama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Sikusinzia. Tulipofika mwanzo wa mlima mume wangu akabadilisha gia, akazima redio, akainamisha kichwa akisikiliza, kama alivyozoea. Injini ikavuta vizuri, sauti moja, laini, bila kuruka hata pigo.

Tukapita pale tulipokuwa tukiweka mawe. Halafu akasema, "Leo ningefurahi likikohoa."

Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake kwenye gia, tukasikiliza wote wawili. Likapanda zima mpaka juu.